Mashine imewaka, lakini mwanafunzi hajui kwa nini. Nimpe ngapi?

MaalimWaMashine

Asalaam alaykum wanajamvi. Nasomesha ufundi wa mashine za boti kwenye chuo kimoja cha amali hapa Pemba. Jumatano tulikuwa na mtihani wa vitendo, na mpaka leo Jumamosi karatasi za wanafunzi wawili ziko mezani kwangu, peni imenishinda.

Kazi ilikuwa hivi. Mashine ya hosipawa 15, ya kabureta, imefungwa ndani ya pipa la maji. Ubovu niliutia mwenyewe: nilikaza ile skurubu ya hewa iliyo juu ya kifuniko cha tangi. Wenye boti wanaujua mchezo wake. Inawaka vizuri, inakwenda kidogo, inazima, kwa sababu mafuta yanavutwa na hewa haiingii tangini kushika nafasi yake. Ukiiacha ikapumua inawaka tena, unafurahi, inazima.

Wa kwanza, kijana, alishika spana kabla sijamaliza kusema. Akatia plagi mpya. Akafungua kabureta, akaisafisha, akairudisha (mikono yake mizuri, sisemi uongo). Akaona mafuta yamepungua, akafungua kifuniko akaongeza, na alipokirudisha akailegeza ile skurubu kwa mazoea tu, kama afanyavyo kila siku kwenye boti ya ami yake. Mashine ikanguruma mpaka muda ukaisha. Nikamuuliza, ilikuwa na nini? "Plagi, maalim."

Wa pili, binti, hakugusa kitu. Akaniuliza, "Ilikwenda muda gani kabla haijazima?" Akaiwasha, akasubiri, mkono umeushika ule mpira wa kubinyia mafuta. Ilipoanza kukohoa akasema, "Umenywea huu." Yaani tatizo liko upande wa tangi, si upande wa mashine. Akaufuata mpira wote wa kupitishia mafuta kutazama kama umekunjika, akafungua viungio kimoja kimoja, kila jaribio lazima awashe asubiri. Dakika 40 zikaisha kifuniko hajakifikia.

Fomu yetu ina alama 60 kwa "mashine inafanya kazi", 25 za zana na usalama, 15 za usafi. Kwa fomu hiyo kijana ana 92, binti ana 38. Nafsi yangu inakataa. Nishaurini.

FundiTumbe

Yakhe mpe kijana haki yake. Mvuvi akija kwangu alfajiri hanunui mawazo, anataka mashine iwake awahi maji. Huyo binti angekuwa gereji kwangu mteja ameshakwenda kwa jirani.

mpemba_ughaibuni

Binti mpe 100, na akimaliza chuo mtafutie kazi.

MwalimuHesabu_Wete

Maalim, hayo yako ndiyo yangu, mie nasomesha hesabu skuli ya sekondari. George Pólya, mwanahesabu aliyezaliwa Budapest mwaka 1887, aliligawa jambo hili mafungu manne mwaka 1945: lielewe tatizo, panga njia, ifuate, kisha rudi nyuma utazame ulichofanya. Kijana wako ameruka la kwanza na la pili, na la nne ndilo lililomuumbua ulipomuuliza. Binti amepata mawili ya mwanzo vizuri sana, la tatu limekatwa na saa.

Darasani kwangu jibu sahihi bila njia linapata alama moja kati ya tano. Wazazi wamenilalamikia mpaka basi. Lakini mtoto aliyechungulia kwa mwenzake naye analo jibu sahihi, au sivyo?

Jengine, hilo swali lake la "ilikwenda muda gani" umelisomesha wewe, au kaja nalo kwao? Mana kama wenzake hawajawahi kukusikia ukiliuliza, umewapima kitu ambacho hukuwapa.

FundiTumbe

Maalim wa Wete umenikumbusha aibu yangu. Mwaka nilioanza kazi nilimuuzia mzee mmoja wa Kojani vifaa vya kabureta, mashine ikawaka, akanilipa. Akarudi baada ya siku mbili. Nikambadilishia plagi, ikawaka. Akarudi tena, safari hii kavutwa na ngarawa, mashine imemzimia nje huko mkondo unapokwenda kasi. Maji yalikuwa ndani ya tangi tangu siku ya kwanza. Kila nikigusa kitu nilikuwa namwaga mafuta kidogo, inatulia, najiona fundi. Pesa yake ya kabureta sikumrudishia, na yeye keshafariki.

Basi nakubali nusu. Lakini muda nao upimwe. Fundi wa kufikiri mpaka magharibi simtaki.

BiMtahini_Unguja

Maalim, kwanza alama za Jumatano usiziguse. Wanafunzi wote waliingia na fomu hiyo, ukibadilisha kwa wawili umedhulumu waliobaki. Waambie wakubwa wako kwamba kipimo kina kasoro, omba wote warudie.

Kasoro yenyewe hamko peke yenu. Mwaka 2012 mtihani wa kimataifa wa PISA, wa wanafunzi wa miaka 15, uliweka sehemu ya kutatua matatizo kwa kompyuta. Swali moja lilikuwa kiyoyozi kigeni chenye vidhibiti vitatu visivyoandikwa kitu, mwanafunzi agundue kipi kinaongoza joto na kipi unyevu. Kompyuta iliweka kumbukumbu ya kila alichogusa. Anayesogeza kimoja na kuviacha viwili anajifunza kitu kila mara. Anayesogeza vyote kwa pamoja hata chumba kikipoa hajui kilichopoza. Kijana wako alibadilisha plagi, kabureta na tangi kwa mkupuo mmoja.

Wewe kompyuta huna haja nayo. Wape karatasi ya safu nne: nimeona nini, nashuku nini, nimejaribu nini, ikawaje. Iandikwe palepale, si baada ya mashine kuwaka, mana hapo kila mtu ni mjuzi. Ubovu uwe mitatu hivi kwa kila mmoja, kwa sababu mmoja unaweza kupatikana kwa bahati. Wasahihishaji wawili, kila mtu na karatasi yake, msichunguliane. Na mashine kuwaka bado iwe na alama zake, Bwana Fundi asitununie.

MaalimWaMashine

Bi, ushauri mzuri, lakini nina wanafunzi 28 na mashine mbili, moja haina mfuniko. Na wakitoka nje tu wanaambizana, "leo ni tangi".

BiMtahini_Unguja

Basi fanya kwa mdomo. Wewe unaujua ubovu, yeye hajui. Anakwambia anataka kupima nini, unamjibu kilichoonekana: "cheche ipo", "mpira umenywea". Kila kipimo unakihisabu. Ubovu ubadilishe kwa kila anayeingia. Dakika kumi zinatosha mtu mmoja.

MaalimWaMashine

Narudi baada ya wiki mbili. Mkuu wa chuo kakubali warudie, alama za mwanzo zimewekwa kando. Kwa majaribio nimekaa chini ya mwembe na kundi la kwanza, kwa mdomo kama alivyosema Bi. Binti kaupata ubovu kwa maswali manne. Kijana kaomba vipimo kumi na moja, cha kwanza plagi, na cha mwisho plagi tena.

Jioni kanifuata njiani nafunga baskeli. "Maalim, kumbe siku ile sikuitengeneza mie?" Nikamwambia aje kesho saa moja, tuikaze ile skurubu tena, na spana aziache nyumbani.