Daiso, Seria, Can Do au Watts: ukianza maisha Japani, vitu vya yeni mia ununue wapi?

KijanaWaMuheza

Wakuu, habari zenu. Naingia Nagoya kwa masomo ya uzamili, muhula wa Aprili. Chumba nilichopata ni kitupu: hakuna pazia, hakuna taa ya dari, hakuna hata kijiko. Kila ninayemuuliza ananiambia "nenda duka la yeni mia", kama vile ni duka moja. Nikifungua ramani naona Daiso, Seria, Can Do, Watts, na wengine wananitajia 3COINS.

Naomba wenye uzoefu wanieleze tofauti zake kwa mtu wa bajeti ndogo. Halafu nina swali la pili. Nchi tajiri vile, kwa nini watu wenye kazi zao nzuri nao wanajaa humo?

Nawasilisha.

MamaSaijo

Karibu sana mdogo wangu. Mimi naishi Higashi-Hiroshima, mji wenye makao makuu ya Daiso, kwa hiyo nivumilie nikianza na hao.

Nguvu ya Daiso ni wingi. Ndani ya Japani pekee wana maduka zaidi ya 4,000, na bidhaa zao ni aina zaidi ya 70,000. Tawi kubwa ukiliingia asubuhi, unatoka na chujio, kamba ya kuanikia, neti za kufulia, bisibisi, miwani ya kusomea, sindano na uzi, vyombo vya kubebea chakula cha mchana. Hata mbegu za mboga zipo, tena pakiti mbili kwa yeni mia. Kwa chumba kitupu kama chako, hapo ndipo pa kuanzia.

Ila soma vibandiko. Daiso siku hizi ina vitu vya 200, 300, 500, hata 1,000 na kupita. Cha bei ya juu kimeandikwa bei yake juu ya pakiti, na kisichoandikwa kitu ndicho cha mia. Na hiyo mia ukifika kwenye kulipia ni 110, kwa sababu kodi ya mauzo ni asilimia 10 tangu Oktoba 2019. Chakula kimeachwa kwenye asilimia 8, basi pakiti ya biskuti ni 108. Ukipiga bajeti, piga kwa 110. Vitu thelathini si yeni 3,000, ni 3,300, na mwanafunzi hiyo 300 anaihitaji.

Fundi_Gifu

Dada kasema vizuri kuhusu wingi. Mimi lakini ni mtu wa Seria na sibanduki.

Kijana, unakwenda Nagoya, na makao makuu ya Seria yako Ogaki, mkoa wa Gifu, jirani yako tu. Katika hao wakubwa wanne, Seria ndio walioshikilia bei moja: kila kitu yeni 100 kabla ya kodi. Huhitaji kugeuzageuza pakiti. Unachukua, unahesabu vitu, unazidisha kwa 110, basi. Kwa mgeni ambaye bado hajui kusoma Kijapani hiyo ni raha kubwa.

La pili ni mpangilio. Maduka yao ni masafi, yana mwanga, rangi zimetulia. Vibakuli, mitungi ya viungo, vikapu vya kupangia kabati, vifaa vya kazi za mikono: hapo hawana mpinzani kwa macho yangu. Tangu 2004 wanatumia taarifa za mashine za kulipia kujua kila bidhaa inatoka kwa kasi gani, na maagizo ya duka yanafuata takwimu hizo badala ya hisia za meneja. Ndiyo maana rafu zao hazina vitu vilivyolala na vumbi.

Ukitaka nyaya, chaja au taa, hapo nakubali, mwachie Daiso. Kwa bei ya mia peke yake huwezi kuuza vitu vya umeme vingi vya maana.

Machinga_Mstaafu

Nawasoma kwa makini sana, maana nimeuza Kariakoo miaka mingi na zile sauti za "kila kitu buku, buku buku" ninazijua. Ugumu wa bei moja ni kwamba bei ya dola inapanda, mzigo bandarini unapanda, wewe umeshamwambia mteja buku. Hao wenzetu wamewezaje miaka yote hiyo? Kisu cha chuma kwa yeni mia, faida inatoka wapi?

MzeeWaOsaka

Swali la Machinga ndilo kiini, na ndani yake kuna jibu la swali la pili la kijana.

Mwanzilishi wa Daiso, Hirotake Yano, alianza kama machinga. Alikuwa amefilisika kwenye ufugaji wa samaki wa familia ya mkewe kabla ya kuingia biashara ya kuzunguka na lori, mwaka 1972, akitandaza bidhaa kwenye viwanja na maegesho. Siku moja wateja walimvamia kabla hajaweka bei. Mmoja akauliza hiki shilingi ngapi, naye kwa kuelemewa akajibu: yeni mia inatosha. Wote wakataka vyao kwa mia. Baadaye akamsikia mteja akimwambia mwenzake kwamba vya rahisi ni kupoteza pesa. Maneno hayo yalimchoma, akaanza kununua bidhaa bora zaidi hata kama nyingine zilikaribia kuimaliza hiyo mia yote. Duka lake la kwanza la kudumu lilifunguliwa Takamatsu mwaka 1991. Yano alifariki Februari 2024, akiwa na miaka 80.

Tazama huo mwaka 1991. Uchumi wa Japani ulikuwa umeanza kuporomoka baada ya miaka ya ardhi na hisa kupanda kupita kiasi. Mishahara ikakwama, bei zikakwama, nafasi za maduka zikabaki wazi na kodi za pango zikashuka. Wakati huohuo viwanda vya China vilikuwa vinazalisha kwa gharama ndogo. Duka hilo la mia lilizaliwa pabaya kwa nchi, pazuri kwa biashara.

Faida sasa. Si kila kitu kinaleta faida sawa. Kisu kinaweza kuacha senti kidogo sana, lakini aliyekuja kwa ajili ya kisu anaondoka na sponji, vibanio na bahasha, na huko ndiko faida iliko. Wanaagiza kwa wingi ambao kiwanda hakiwezi kuukataa. Wafanyakazi ni wachache, na matawi mengi mteja anajilipia mwenyewe kwenye mashine.

Lakini bei ya dola, Machinga, imewafikia. Mwaka 2022 dola moja ilivuka yeni 150, na 2024 ikapita 160. Bidhaa nyingi zinatoka nje. Njia zilizobaki ni mbili: kupandisha bei, kama Daiso inavyofanya kwa kuongeza vitu vya 300 na 500, au kubaki na mia na kupunguza kilichomo kwenye pakiti. Hivyo ninaposikia sifa za bei isiyobadilika, namwomba kijana ahesabu vipande na gramu. Foili, karatasi za kufunikia chakula, sabuni ya kufulia: mara nyingi supamaketi inauza kubwa zaidi kwa bei nafuu ukigawanya.

Na kwa nini wenye nacho wanaingia? Kwa sababu kitu kizuri cha yeni mia hakimvunjii mtu heshima. Aprili 2022 Daiso ilifungua duka kubwa Ginza, mtaa wa vito na mikoba ya bei mbaya, ikaweka humo na chapa zake nyingine mbili, Standard Products na Threeppy. Mama wa Kijapani ananunua sahani humo na kuwaandalia wageni, tena anawaambia alikozinunua.

Nisiwasahau wengine. Can Do ni la Tokyo, liko chini ya Aeon, kampuni kubwa ya supamaketi, tangu 2022. Watts ni la hapa kwetu Osaka, mara nyingi limejibanza ndani ya supamaketi. Yote mawili yanafaa kwa dharura, nenda lililo karibu. 3COINS ni la yeni 300, waweza kulisubirisha mpaka upate posho.

Pwani254

Jameni, na Miniso je? Hapa Nairobi wengi wanasema ni ya Wajapani, iko kundi moja na Daiso.

Fundi_Gifu

Hapana dada. Miniso ni kampuni ya China, ya Guangzhou. Ilijipamba Kijapani kwa miaka, na 2022 ikaomba radhi hadharani kwa hilo. Bei zake pia si moja.

BintMaskati

Kwa walio huku Ghuba, Daiso tunayo, na vitu ni vilevile, hata maandishi ya Kijapani yamebaki kwenye pakiti. Bei tu ndiyo haifanani na ya Japani, kwa sababu ya usafiri na mwenye leseni ya nchi. Ndugu zangu mkija likizo toka Japani, tuleteeni vya huko.

MamaSaijo

Mdogo wangu, nikuongezee ambayo hayapo kwenye bei. Kutupa vitu Japani kuna utaratibu na gharama. Taka kubwa, mfano rafu au kiti kibovu, unalipia manispaa waje wachukue. Ukinunua kirafu dhaifu leo, mwakani utalipa kukiondoa. Mimi niliwahi kununua kikaango duka moja la yeni mia, mpini ukalegea mapema. Tangu hapo vitu vya motoni nanunua kwingine, kikaango na sufuria, hata kisu cha kukatia nyama. Vikombe, hanga, ndoo, mabeseni, vitambaa vya jikoni, mifuko ya taka, hivyo chukua bila wasiwasi.

KijanaWaMuheza

Nashukuru sana wakubwa zangu. Nimeandika: Daiso kwa vifaa vya usafi na umeme, Seria kwa vyombo na kupanga kabati, sabuni na foili supamaketi, kikaango kwingine. Limebaki pazia. Dirisha langu ni la mlango, mpaka chini. Daiso wanayo?

MamaSaijo

Urefu huo hutaupata kwa mia. Nenda Nitori, duka la samani na vitu vya nyumbani, au maduka ya vitu vilivyotumika, na upime dirisha kabla ya kutoka nyumbani, upana na urefu, kuanzia kwenye reli. Daiso nunua vile vikulabu vya kuning'inizia.

Fundi_Gifu

Hata Seria vipo.