Re: Inveta ya trela inapiga kelele nikiwasha birika

Shikamoo dada. Hiyo inveta yako ya wati 2000, inayogeuza umeme wa betri wa volti 12 kuwa wa 120 wa soketi, ni nzima, shida ni waya. Piga hesabu, wati 2000 gawanya kwa volti 12 ni ampea 167, na bado hujaweka zinazopotea ndani ya inveta yenyewe, sema 185 hivi. Sasa umevuta waya mwembamba wa namba 4 kutoka betri kule mbele mpaka kwenye inveta chini ya kitanda, futi 15 kwenda na 15 kurudi, zaidi ya volti moja inaishia njiani, lazima inveta ilie. Isogeze iwe futi 3 au 4 tu toka kwenye betri, waya mnene wa namba 2/0, ila usiiweke kisanduku kimoja na betri za asidi, zikichaji zinatoa gesi inayoshika moto. Kutoka hapo ndo vuta ule umeme wa volti 120 mpaka kwenye soketi, hiyo ni ampea 17 tu, namba 12 inatosha kabisa.

Halafu kwenye picha yako sijaona fyuzi!! Weka ya ampea 250 inchi chache toka kwenye betri. Inalinda waya, sio inveta, na trela ni mbao na gundi tupu.

Soketi weka mpya mbili, za inveta peke yake, ya jikoni iwe GFCI, ile inayokata umeme ukivuja. Zile za zamani, za umeme unaochomeka kambini, usiziguse. Mimi nilijifanya mjanja hapa Texas nikachomeka trela zima kwenye inveta, kumbe konveta, ile chaja ya betri ya trela, nayo ikaamka ikawa inachaji betri ile ile inayoilisha, ng'ombe anajinyonya mwenyewe, asubuhi betri imekufa, friji imezima, nyama ya mishikaki yote tukatupa.

---

Marahaba mdogo wangu, fyuzi naenda kununua leo hii. Betri ni mbili za asidi, ampea-saa 100 kila moja, birika la wati 1500 zitaliweza au najisumbua?

---

Zikiwa nzima zitaliweza. Lita moja inachemka kwa dakika 4 hivi, inakula kama ampea-saa 10 (ampea mara saa, ndo kipimo cha akiba ya betri), na hizo za asidi usizishushe chini ya nusu, kwa hiyo una 100 za kuchezea. Ila hita ya chumba usithubutu, saa moja haifiki. Mimi lakini chai napikia gesi, tangawizi inataka ichemke taratibu.