Kiini cha akrilati kinanata juu: ni hewa au ni dozi ya mwanga?

Raskazone_Optiki: Wakuu, salaam kutoka Tanga. Natengeneza mkondo wa mwanga wa polima juu ya kioo, yaani kiini kinachobeba mwanga, kilichozungukwa na ganda. Ganda lina kipimo cha mpindo (kinachoonyesha mwanga unavyopinda ndani yake) 1.50, kiini cha akrilati 1.52, upana na kimo mikroni 50. Kianzishi, kemikali inayoanzisha kuganda ikipigwa na mwanga, ni TPO asilimia 1. Taa ni LED ya nanomita 365, miliwati 10 kwa sentimita ya mraba, sekunde 60. Chini kinaganda kama jiwe, juu kunabaki utando unaonata, na nikisuuza kwa aisopropanoli kingo zinatoka zimechimbika. Mwanga wa nanomita 850 unapotea sana. Niongeze muda?

Nuru_ya_Pangani: Mkuu, usiongeze. Oksijeni inameza radikali (chembe zinazozaliwa na kianzishi) kabla hazijaunganisha akrilati, na hewa mpya inaingia kwa juu kila wakati. Ukirefusha muda, mwanga unaopenya chini ya kingo za maski (kifuniko chenye umbo la kiini) utagandisha resini pembeni, kiini kitanenepa, na juu bado patanata.

Weka sampuli ndani ya kisanduku chenye dirisha la kwatzi. Pitisha naitrojeni dakika 3 kabla ya kuwasha taa, na usiifunge mpaka uzime. Kisha tafuta dozi (nguvu ya taa mara muda) upya kwenye kipande kimoja: sekunde 10, 20, 40. Milijuli 600 ulizozoea zilikuwa za kupigana na hewa, kwa hiyo hapo zitazidi. Kuna wanaotandika karatasi ya PET (plastiki angavu) juu ya resini. Inazuia hewa kweli, ila inaiweka maski mbali na kingo zinafifia. Kwa mikroni 50 siishauri.

Chupa ya resini, kinyume chake, usiijaze naitrojeni. Kizuizi cha MEHQ, kinachozuia resini isigande yenyewe, kinahitaji oksijeni ili kifanye kazi; ikikosekana, resini inaweza kuganda kabatini.

Chumbageni_Lab: Naongezea la unyevu, maana pwani yetu haina msamaha. Oka kioo nyuzi joto 120 kwa nusu saa, kisha paka silani ya methakrilati, inayoshikanisha kioo na polima, kabla ya ganda. Bila hiyo maji yanapenya kati ya kioo na polima, na ukanda unabanduka kuanzia pembeni. Usikimbilie epoksi pia: haisumbuliwi na oksijeni, lakini maji yanaivurugia mwitiko.

Raskazone_Optiki: Nimewaelewa. Nitajuaje kama upotevu umo ndani ya kiini au pale nyuzi ya kuingizia mwanga inapoungana nacho?

Nuru_ya_Pangani: Pima, kata, pima tena. Mfano: sentimita 5 inapoteza desibeli 4.1, ukikata ibaki 3 inapoteza 3.3. Tofauti ni 0.8 kwa sentimita 2, yaani 0.4 kwa kila sentimita. Sentimita 3 zinapoteza 1.2; toa hizo kwenye 3.3, zinabaki 2.1 za maungio. Kata kwa wembe mpya na ukague uso wa mkato kwa hadubini kila mara, kwa sababu mkwaruzo mmoja unaharibu hesabu yote.

Chumbageni_Lab: Na nyuzi ya kuingizia iwe ileile, usiiguse kati ya vipimo.