Migomba chotara na ugonjwa wa Mchare: ustahimilivu wa ugonjwa upi?

MkulimaWaKibosho aliuliza:

Ndugu wanajukwaa, habari za kazi. Katika kihamba chetu migomba ya Mchare, ndizi yetu ya kupika, inaanza kuwa na manjano kwenye kingo za majani ya chini, kisha majani hayo yanavunjika na kuning'inia kuzunguka shina, na nikilikata shina naona michirizi ya rangi ya kahawia iliyochanganyika na wekundu. Jirani ananishauri ning'oe yote nipande ndizi chotara za TARIBAN kwa sababu, kwa maneno yake, "zinahimili magonjwa ya ukungu". Naomba kuelimishwa: mgomba usio na mbegu huzalishwaje chotara, na je, ustahimilivu huo unahusu ugonjwa ninaouona mimi?

Bwanashamba_Mstaafu alijibu:

Ndugu, nianze na swali la pili, kwa sababu ndilo litakalokugharimu fedha. Dalili ulizoeleza ni za mnyauko fuzari, ambao wengi huuita ugonjwa wa Panama. Ungekuwa mnyauko wa bakteria, ungeona usaha wa manjano ukitoka kwenye mkato muda mfupi baada ya kukata. Kuvu (ndio ukungu anaousema jirani) wa mnyauko fuzari anaishi ardhini kwa miaka mingi, anaingilia kwenye mizizi na kuziba njia za maji, na hakuna dawa ya kuutibu mgomba aliokwisha kuuingia. Sigatoka nyeusi, ambayo kwetu ilionekana kwanza Pemba mwaka 1987, ni kuvu mwingine kabisa: huyo husafiri kwa upepo na kukausha majani. TARIBAN 1 hadi 4, zilizoidhinishwa mwaka 2021, zilitokana na chotara za NARITA zilizozalishwa Uganda na NARO (shirika la utafiti wa kilimo la huko) pamoja na IITA (taasisi ya kimataifa ya kilimo cha tropiki), na shabaha kubwa ya kazi hiyo ilikuwa sigatoka nyeusi na mavuno. Kwa hiyo usinunue neno "ukungu" kwa jumla. Muuzaji wa miche akutajie ugonjwa kwa jina.

Maabara_Arusha alijibu:

Naongezea kuhusu uzalishaji. Ndizi za kupika za Kagera na Uganda zina seti tatu za kromosomu (nyuzi zinazobeba tabia za kurithi), na ndiyo sababu ni karibu tasa. Lakini karibu tasa si tasa kabisa. Asubuhi mapema mtafiti hufunua maua ya kike, yale yanayotangulia kwenye mkungu na ambayo ndiyo huwa chane, akayapaka chavua ya mgomba pori unaohimili ugonjwa, kisha akaufunika mkungu kwa mfuko ili wadudu wasilete chavua nyingine. Mgomba pori uliotumika sana ni Calcutta 4, ambao tunda lake ni dogo, limejaa mbegu na halifai kuliwa. Mkungu ukiiva, ndizi hupondwa na kuoshwa ili kutafuta mbegu nyeusi ngumu, na mikungu mingi haitoi hata moja. Mbegu ikipatikana, kiinitete, yaani mche mchanga uliomo ndani yake, hutolewa kwa kisu kidogo na kukuzwa ndani ya chupa, maana kikiachwa kwenye udongo mara nyingi hakioti.

Safari haiishii hapo. Watoto waliochaguliwa katika hatua hiyo huwa na seti nne, kwa kuwa mama amewarithisha zake zote tatu. Hao huzalishwa tena na mgomba wenye seti mbili ili wapatikane wenye seti tatu, wasio na mbegu. Uganda ilianza kazi hii katikati ya miaka ya 1990, na chotara yao ya kwanza ya matoke, Kiwangaazi, iliidhinishwa mwaka 2010.

Mchare ni habari nyingine: ina seti mbili tu, na aina zake huugua mnyauko fuzari. Uzalishaji wake unaendelea hapa Arusha.

Mwana_Karagwe alijibu:

Kwetu tulipokea ndizi chotara za FHIA kutoka Honduras tangu miaka ya 1990. FHIA-17 inahimili mnyauko huo na mikungu yake ni mikubwa, lakini wazee waliionja kama ndizi ya kupika wakarudi kwenye ndizi yetu ya kupika, Enchoncho. FHIA tunaila ikiiva. Sidhani kama Mchagga ataikubali kwenye mtori.

MkulimaWaKibosho:

Nashukuru sana. Je, nikinunua miche safi ya Mchare kutoka maabara nikaipanda palepale?

Bwanashamba_Mstaafu:

Itaugua, kwa sababu mche ni safi lakini udongo sio. Palipougua weka FHIA-17, au ndizi za kupika za Bukoba, ambazo aina ya kuvu inayoua Mchare haiziwezi. Mchare yenye afya ianzishe upande wa juu wa mfereji, ili maji yasiteremshe udongo wenye ugonjwa hadi huko, na usichukue chipukizi kwenye shina linalougua hata kama chipukizi hilo linaonekana zima. Panga na jembe vioshwe kabla ya kuvuka kwenda upande huo.