Wagombea udiwani Mtwara: kiwanja, ukumbi au mikopo ya ngoma?

Mtoa mada: Wadau, kampeni za udiwani zimepamba moto Manispaa ya Mtwara Mikindani. Kwenye michezo na utamaduni ahadi zinazorudiwa ni tatu: kiwanja cha nyasi kila kata, ukumbi wa utamaduni, na mikopo kwa vikundi vya ngoma. Ipi inatekelezeka ndani ya miaka mitano?

Mdau wa Chuno: Anza na ardhi. Kiwanja cha mita 105 kwa 68, ukiacha mita 3 kila pembeni, kinakula ekari 2. Muulize mgombea eneo liko mtaa gani, limepimwa lini, na hati iko kwa jina la nani. Akibabaika, ujue fremu za maduka zitaota pale kabla baraza la madiwani halijakaa kikao cha pili. Na asitutajie Nangwanda Sijaona, ule ni uwanja wa CCM.

Mdau wa Vigaeni: Mkuu, hata ardhi ikipatikana, nyasi ndizo zitakazowaumbua. Udongo wetu ni kichanga, maji hayakai. Ukoka ukipandwa Desemba mvua zikishika utashika vizuri, shida ni kiangazi. Milimita 5 za maji kwa siku kwenye eneo la kuchezea ni lita 35,700, yaani boza tatu na nusu za lita 10,000. Kila siku! Ukimwagilia kwa kubahatisha unabaki na mabaka, na mabaka yanavunja watu vifundo kuliko udongo mtupu. Mimi namtaka anayeahidi kiwanja cha udongo: kisawazishwe, kichanga cha juu kichanganywe na mfinyanzi, kishindiliwe kikiwa na unyevu, katikati pawe juu kidogo ili mvua ya masika itiririkie pembeni. Magoli ya bomba, na zege la miguuni lipande juu ya usawa wa ardhi, maana kwa chumvi hii ya pwani kutu huanzia pale bomba linapoingia udongoni.

Mdau wa Likombe: Netiboli hamuioni? Mita 30.5 kwa 15.25 tu, inaingia pembeni ya shule yoyote ya msingi. Ila haina mashabiki wa kujaza mkutano wa kampeni.

Mdau wa Newala: Ukumbi ndio kichekesho. Ngoma ndogo za Kimakonde zina mguu mchongoko unaochomekwa ardhini. Mtazichomeka wapi kwenye vigae? Ngozi inawambwa kwa moto kabla ya kupigwa, na ikilegea katikati ya mchezo inarudishwa motoni. Nani ataruhusu moto wa makuti ukumbini? Mapiko, ile ngoma ya vinyago vya kuvaa, nayo yanataka mahali pa kificho pa kuvalia, kisha uwazi wa kutokea na watu wazunguke. Kinachohitajika ni uwanja wa mchanga, uzio, choo, bomba la maji, taa na stoo yenye kufuli. Gharama yake haifiki hata paa la huo ukumbi.

Mdau wa Shangani: Tusiudharau ukumbi, ndugu yangu. Mvua zikianza kwenye uwanja wenu wa mchanga hapachezeki, na ukumbi unakodishwa kwa harusi, kwa hiyo unajilipia umeme.

Mdau wa Newala: Ukikodishwa kwa harusi kila Jumamosi, ngoma itapigwa lini? Ngoma zetu zenyewe msimu wake ni baada ya mavuno, kiangazi. Mvua si hoja.

Mdau wa Chuno: Kuhusu mikopo mtu asidanganywe. Ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri inayotengwa kwa mikopo imeshagawanywa: 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Haina riba, lakini inarudishwa. Kikundi kinachoalikwa kwenye sherehe mara chache kwa mwaka kitarejesha kwa nini? Labda kiwe na mradi pembeni, kama kukodisha viti na turubai.

Mtoa mada: Kwa hiyo tumuulize nini akija mtaani?

Mdau wa Vigaeni: Diwani ndiye mwenyekiti wa kamati ya maendeleo ya kata. Aseme ataibua mradi gani pale, kwa eneo lipi, na fungu la matengenezo la mwaka wa pili litatoka wapi. Akikujibu la kwanza tu, mwache amalizie la tatu kwanza ndipo upige makofi.

Mdau wa Likombe: Na netiboli.