Spora za Bacillus kwenye chakula cha perege: mpango huu wa jaribio unavuja wapi?

MwanaPerege:
Wakuu, naomba mnikosoe kabla samaki hawajaingia kwenye matangi. Nataka kujua kama spora za *Bacillus subtilis* (bakteria waliolala ndani ya ganda gumu) zikiwekwa kwenye chakula kama probiotiki, yaani bakteria hai wa kumfaidi samaki, zinabadilisha bakteria wa utumbo wa perege (*Oreochromis niloticus*), zinaamsha kinga yake, na mwishowe zinapunguza vifo akikutana na *Streptococcus agalactiae*, bakteria anayemuua perege.

Mpango ni vyakula 3: bila spora, spora milioni 10 kwa gramu, na bilioni 1 kwa gramu. Kila chakula kina matangi 3 yenye samaki 20 wa gramu 30 hivi. Matangi yote 9 yanapata maji ya mzunguko mmoja wenye chujio moja la kibiolojia. Spora zinachanganywa na unga kabla ya kukamua peleti. Wiki 8, nyuzijoto 28. Mwishoni natoa samaki 5 kwa kila tangi: lisozaimu (kimeng'enya kinachopasua bakteria) kwenye seramu, jeni za uvimbe il1b na tnfa kwenye figo ya mbele, na 16S (jeni ya kutambulia bakteria) ya utumbo. Wanaobaki wanachomwa sindano ya *S. agalactiae* tumboni na nahesabu vifo kwa siku 14. Kwenye takwimu, n, yaani idadi ya vipimo vinavyojitegemea, ni samaki 15 kwa kila chakula.

ChujioSafi:
Anzia kwenye maji, maana hapo jaribio lote linaweza kuzama. Samaki anayekula spora anazitoa kwenye kinyesi. Kinyesi kinasagika, maji yanapita kwenye chujio, yanarudi kwa kila tangi, na samaki wako wa ulinganisho wanazimeza bila wewe kuwalisha. Ukiona mwishoni kwamba makundi hayatofautiani, hutajua kama probiotiki haifanyi kazi au kama wote waliila.

Wapo wanaojaribu kuponea kwa kutenga mizunguko mitatu, mmoja kwa kila chakula. Hiyo ni mbaya zaidi: chakula na mzunguko vinakuwa kitu kimoja, na kitakwimu unabaki na n ya 1. Kila tangi liwe na chujio lake dogo la sponji, neti yake na mpira wake wa kufyonzea uchafu. Ili yote yaanze sawa, pevusha sponji zote kwenye tangi moja kubwa kwanza, kisha zigawe. Chujio changa huchukua wiki kadhaa kabla ya kumudu naitraiti, na naitraiti ikipanda kwenye baadhi ya matangi utapima athari yake kwenye kinga huku ukidhani unapima probiotiki.

Halafu n. Samaki 5 wa tangi moja wanashiriki maji, kinyesi na bakteria, kwa hiyo hawajitegemei. Kipimo chako ni tangi, yaani n ni 3, si 15. Matangi 6 yenye samaki 12 yana nguvu kuliko matangi 3 yenye samaki 20, ingawa jumla ya samaki haipishani sana. Panga matangi kwa bahati nasibu chumbani, na kwenye modeli ya takwimu weka tangi kama kigezo nasibu (random effect).

Jambo la mwisho: ongeza kundi la spora zilizouawa, nyuzijoto 121 kwa dakika 30, kisha uthibitishe kwenye sahani ya kuoteshea bakteria kwamba hakuna kinachoota. Ukuta wa bakteria aliyekufa unaweza wenyewe kuamsha kinga ya asili. Bila kundi hilo huwezi kuandika kwamba uhai wa spora ndio uliofanya kazi. Kama matangi hayatoshi, ni afadhali uache dozi moja kuliko kuliacha kundi hili.

PunjeNzuri:
Kuhusu chakula: spora zinavumilia joto, lakini si zote, na ukitumia mashine inayovuka nyuzijoto 100 hutajua zimebaki ngapi. Nyunyizia peleti zikishakauka: kwanza spora ndani ya maji ya chumvi ya asilimia 0.85, kisha funika kwa mafuta gramu 20 kwa kilo. Kausha chini ya nyuzijoto 40. Chakula cha ulinganisho nacho kipate maji yale yale na mafuta yale yale, bila spora.

Usiamini namba ya kwenye pakiti, hesabu mwenyewe. Gramu 1 ya chakula ndani ya mililita 9 za maji ya chumvi, saga, pasha nyuzijoto 80 kwa dakika 10 ili chembe zisizo spora zife, poza, punguza mara kumi kumi, tandaza mililita 0.1 kwenye agari, acha saa 24. Hesabu sahani zenye makoloni 30 hadi 300 tu. Makoloni 85 kwenye mpunguzo wa jumla wa mara milioni 1 (ukihesabu na ule wa kwanza) ni 85 × 10 × 1,000,000, yaani milioni 850 kwa gramu. Rudia kila wiki 2, maana spora zinaweza kupungua ghalani.

Chakula cha ulinganisho kihesabu pia. Bacillus wamo kiasili kwenye soya na unga wa samaki, kwa hiyo usitegemee sifuri. Ndiyo sababu unahitaji namna ya kuitambua aina yako, ama kwa kutumia aina sugu kwa rifampisini (dawa ya kuua bakteria), ama kwa praima (vipande vya DNA vya kunasa jeni) za jeni inayopatikana kwake peke yake. 16S haitakutofautishia *B. subtilis* wako na ndugu zake wa karibu.

FigoYaMbele:
Waliotangulia wameshaziba matundu makubwa. Mimi nabaki ndani ya samaki.

Tumbo la perege lina asidi kali, pH inaweza kushuka chini ya 2, kwa hiyo kuchagua spora ni sahihi. Lakini kupita si kukaa. Ukipima utumbo saa 4 baada ya kulisha, Bacillus utakaowaona ni chakula kilicho njiani. Chukua sampuli mara mbili: mwisho wa wiki ya 8, kisha siku 7 baada ya matangi yote kuhamia chakula kisicho na spora. Kinachobaki hapo ndicho cha kujadili. Tenga pia yaliyomo utumboni na ute wa ukutani: kamua yaliyomo, suuza mara 3 kwa maji ya chumvi safi, ndipo ukwangue ute. Wembe mpya kwa kila samaki.

Wakati wa kutoa DNA, tikisa sampuli kwa shanga za milimita 0.1. Ganda la spora ni gumu. Usipolipasua utaripoti kwamba Bacillus hawapo ilhali wamejaa. Weka sampuli tupu kwenye kila awamu, kwa sababu ute una bakteria wachache na uchafu wa vitendanishi unaonekana haraka. Soma pia 16S ya maji ya kila tangi na ya chakula. Ondoa mfuatano wa kloroplasti na wa mitokondria kabla ya hesabu yoyote. Na kumbuka unasoma asilimia: Bacillus wakipanda, wengine watashuka hata kama hakuna aliyekufa. qPCR (kipimo cha kuhesabu nakala za jeni) ya 16S jumla itakuonyesha wingi halisi.

Mtazame hasa *Cetobacterium somerae*. Ni mkazi wa kawaida wa utumbo wa perege na anatengeneza vitamini B12; perege hahitaji kuwekewa B12 kwenye chakula kwa sababu bakteria wa utumboni wanamtengenezea. Probiotiki ikimfukuza huyo, kwangu hilo lina uzito kuliko lisozaimu iliyopanda.

Sasa kinga. Samaki hana uboho unaotengeneza damu wala tezi za limfu. Figo ya mbele ndiyo inayofanya sehemu kubwa ya kazi hiyo, hivyo kuipima ni sawa. Ila swali lako ni la utumbo, kwa hiyo kata pia kipande cha utumbo wa nyuma. Nakusihi usiandike kwamba il1b na tnfa zikipanda basi kinga imeimarika. Hizo ni jeni za king'ora, na king'ora hulia pia nyumba inapoungua. Samoni wa Atlantiki wakilishwa unga wa soya hupata uvimbe wa utumbo wa nyuma: mikunjo inafupika, seli za kinga zinajazana ukutani, na chanzo chake kikuu ni saponini za soya. Huo ni ugonjwa. Ongeza il10 na tgfb, jeni za kutuliza uvimbe, weka kipande kwenye fomalini ya asilimia 10 upime urefu wa mikunjo, kisha usome vyote pamoja. Ukimudu, pima pia IgT, aina ya kingamwili ya samaki. Tangu 2010 imeonyeshwa kwa trauti wa upinde wa mvua kwamba ndiyo kingamwili inayoongoza utumboni, huku IgM ikitawala kwenye damu.

Lisozaimu ni rahisi kupima na ni rahisi kuharibu. *Micrococcus lysodeikticus* miligramu 0.2 kwa mililita kwenye bafa ya fosfeti ya pH 6.2, soma kiasi cha mwanga unaozuiwa na mchanganyiko kwa nanomita 450; lisozaimu inavyowapasua bakteria hao, namba inashuka. Kushuka kwa 0.001 kwa dakika ni yuniti 1. Kushikwashikwa tu kunabadilisha namba hizo. Tumia MS-222, dawa ya usingizi ya samaki, miligramu 100 kwa lita iliyosawazishwa kwa bikaboneti ya sodiamu, toa damu ya samaki wote 5 ndani ya dakika chache, na usimalize kundi moja asubuhi na jingine jioni.

MwanaPerege:
Nashukuru sana. Nimeshabadilisha: ulinganisho, spora hai bilioni 1, spora zilizouawa, matangi 6 kila moja, chujio kwa kila tangi. Nimebaki na sindano. Niiache?

FigoYaMbele:
Sindano ya tumbo inaruka ngozi, matamvua na utumbo, yaani inaruka mlango uleule unaodai umeuimarisha. Itakupa vifo vinavyolingana vizuri, lakini inajibu swali la kinga ya mwili mzima tu. Kwa swali lako, pitisha kimelea kwa mrija mdomoni au kwenye maji, na ukubali kwamba vifo vitayumba zaidi.

Kabla ya yote, otesha ubongo wa samaki 10 wa kundi lako kwenye agari ya damu. Perege wanaweza kubeba Streptococcus bila dalili. Kisha jaribu dozi kadhaa upate ile inayoua asilimia 50 hadi 60 ya wasiopewa kitu. Ikiua asilimia 95 hakuna probiotiki itakayoonekana. Ikiua 10 huna cha kulinganisha. Pandisha maji hadi nyuzijoto 30 au 31, na amua mapema kama chakula chenye spora kinaendelea wakati huo.

Kila anayekufa, otesha ubongo na figo yake, la sivyo hujui kilichomuua. Anayezunguka ovyo au aliyetokwa macho na kuacha kula, mmalize kwa dawa ya usingizi iliyozidi na umhesabu kuwa amekufa. Kigezo hicho kiwe ndani ya kibali cha maadili. Vifo vikiwa asilimia 60 kwa ulinganisho na 36 kwa spora hai, kinga ya kulinganisha ni (1 − 36/60) × 100, sawa na 40. Lakini uamuzi ufanye kwa mkunjo wa uhai (grafu ya waliobaki hai kila siku) wa siku 14, kila samaki akibaki na namba ya tangi alikotoka.