BoJack Horseman: yule farasi alihukumiwa au aliponyoka?

Naomba tulijadili hili kwa uwazi, maana kila ninapokutana na watu walioitazama BoJack Horseman hadi mwisho tunagawanyika pande mbili, na hakuna anayetaka kurudi nyuma. Upande mmoja unasema katuni ile ilimbembeleza mkosaji kwa misimu 6. Ilituonyesha utoto wake mbovu, mama asiyempenda, ulevi na majuto yake, mpaka tukawasahau aliowaumiza. Upande wa pili, ambao ndio wangu, unasema hakuna mhusika wa televisheni aliyehukumiwa kwa ukali kuliko yule. Natoa sababu zangu, halafu mnipinge.

Kwa ambao hawajaitazama, niwaonye kwamba nitafichua mwisho. Ni katuni ya watu wazima ya Netflix, iliyoanza Agosti 2014 na kumalizika Januari 2020, vipindi 76 ukiacha kimoja maalumu cha Krismasi. Aliyeibuni ni Raphael Bob-Waksberg, na sura za wahusika ni kazi ya Lisa Hanawalt. Binadamu na wanyama wanaishi mji mmoja, wanaoana, wanafanya kazi ofisi moja, na hakuna anayeshangaa. BoJack ni farasi aliyewahi kuwa nyota wa komedi ya familia, sasa amebaki na hela, jumba la mlimani na chupa. Herufi D ya bango la Hollywood inaibwa, na tangu siku hiyo wenyeji wote wanaiita sehemu ile Hollywoo. Unacheka, na ukiwa bado unacheka mtu anafanya jambo ambalo hutaweza kulisahau.

Nianze na hoja yenye nguvu zaidi ya wenzetu. Wanasema ukimkalisha mtazamaji na mhusika mmoja kwa miaka 6, ukampa ile sauti ya Will Arnett, nzito na iliyochoka, lazima atampenda, na ukishampenda mtu unaanza kumtafutia udhuru. Hilo ni kweli. Lilinitokea mimi mwenyewe. Msimu wa pili Charlotte, rafiki yake wa zamani, anamfumania na binti yake wa miaka 17, na nakumbuka nilisikitika zaidi kwa ajili ya BoJack, kwamba amepoteza nyumba aliyokuwa amekaribishwa, kuliko kwa ajili ya yule binti. Nilipokuja kulitambua hilo niliona aibu.

Lakini ninachodai ni kwamba katuni ilijua tutafanya hivyo, na ikatutegea.

Chukua kifo cha Sarah Lynn. Alikuwa mtoto alipoigiza na BoJack, akimwona kama baba. Mwaka 2016, mwisho wa msimu wa 3, tuliwaona wawili hao wametoka kwenye ulevi wa siku nyingi, wameketi gizani wakitazama nyota zinazoonyeshwa kwenye kuba la ukumbi wa maonyesho ya anga. Sarah Lynn amemwegemea. BoJack anamwita jina, haitikii, anamwita tena. Picha inakatika hapo. Tuliomboleza naye. Zaidi ya miaka 3 tuliishi na toleo hilo, la mtu aliyempoteza rafiki mikononi mwake.

Kisha Januari 2020 anakubali kuhojiwa kwenye televisheni. Mahojiano ya kwanza yanamwendea vizuri, watu wanamhurumia, naye anaipenda ile huruma kiasi kwamba anakubali kurudi kwa ya pili. Hayo ya pili ndiyo yanayomvua nguo. Inajulikana mbele ya umma kwamba alisubiri dakika 17 kabla ya kuita gari la wagonjwa, ili apange namna ya kuonekana kwamba hakuwepo. Alipiga hata simu kutoka kwenye simu ya Sarah Lynn kwenda kwenye yake. Dakika 17! Na mhoji haishii hapo. Anapanga majina ya wanawake mmoja baada ya mwingine, na kumwonyesha kwamba kila mara yeye ndiye aliyekuwa mwenye nguvu juu yao. Pale ndipo nilipoelewa kwamba ile picha iliyokatika mwaka 2016 ilikatwa kwa makusudi. Tulikuwa tumemhurumia mtu bila kusikia ushahidi. Katuni inayomtetea mkosaji ingekuwa na haja gani ya kutufanyia hivyo?

Kuna wanaoniambia, "Sawa, lakini waliokosewa wako wapi? Kila kitu kinamzunguka yeye." Hawa nawaomba wakitazame tena kipindi cha 8 cha msimu wa 6. BoJack hayumo kabisa. Tunamwona Gina, mwigizaji ambaye BoJack alimkaba shingo katikati ya upigaji picha, akiwa amelewa dawa za maumivu, mpaka watu wakaja kumtoa. Gina alikataa jambo lile lisemwe, na haikuwa kwa sababu ya kumsamehe. Alikuwa ndiyo kwanza anaanza kujulikana, na hakutaka kujulikana kama yule mwanamke aliyekabwa na BoJack Horseman. Sasa yuko kwenye filamu nyingine. Mwigizaji mwenzake, mtu asiye na ubaya wowote, anamshika kwa namna ambayo haikupangwa. Gina anashtuka, anapaza sauti, anataka kila mguso upangwe kabla. Hasemi kwa nini. Basi waliopo wanamwona msumbufu, mtu mgumu kufanya naye kazi, na sifa hiyo inaanza kusafiri mbele yake. Ni dakika chache tu, bila muziki wa kututoa machozi. Mimi sijawahi kuona madhara ya ukatili yakielezwa kwa uaminifu kuliko hapo, kwa sababu anayeadhibiwa ni yeye, kwa kosa la mtu ambaye hata hayupo chumbani.

Na wanaosema watazamaji wanaitumia katuni hii kujifariji kwamba "sote ni wabaya", hoja yao nayo imo humohumo ndani. Msimu wa 5 BoJack anaigiza tamthilia kuhusu mpelelezi mkatili, na siku ya uzinduzi anasimama kusema kwamba imemfundisha kuwa sisi sote ni watu wabaya, kwa hiyo sote tuko sawa. Diane, rafiki yake aliyesaidia kuiandika, anaogopa kusikia maneno hayo. Hakuiandika ili watu kama BoJack walale usingizi vizuri. Nani anaweza kumkosoa mtazamaji wake waziwazi kuliko hivyo?

Sasa nikiri palipo na udhaifu, maana sitaki tushindane kwa ushabiki. Mwishoni BoJack anafungwa miezi 14, lakini kosa ni kuvunja na kuingia katika nyumba iliyokuwa yake zamani. Si Sarah Lynn, si Gina, si yule binti wa Charlotte. Wenzetu wakisema sheria ilimwadhibu kwa ajili ya nyumba ikawaacha watu, sina jibu la kuwafurahisha. Naona tu kwamba hivyo ndivyo inavyotokea kwa wenye majina makubwa, na ningeona ni uongo kama katuni ingemleta hakimu mwenye haki dakika ya mwisho.

Hukumu yenyewe naiona kwingine, kwa watu wanaoondoka. Kipindi cha mwisho yuko juu ya paa na Diane, ametoka gerezani kwa ruhusa fupi kuhudhuria harusi. Diane anamshukuru na wakati huohuo anaagana naye, hapigi kelele, hamtukani. Kisha wanakaa kimya, na kimya kile kinaendelea mpaka unaanza kukosa raha kwenye kiti chako.

Kabla ya hapo kuna barua. Hollyhock, dada yake kwa baba, msichana aliyempenda bila masharti, anasimuliwa na kijana mwingine kuhusu usiku ambao BoJack aliwanywesha pombe vijana wadogo na kumtelekeza mmoja wao hospitalini. Baadaye anamwandikia. BoJack anaifungua barua, anaisoma, tunamwona akiisoma. Sisi hatuonyeshwi hata mstari mmoja.

Kwa hiyo ninyi mnaosema katuni ilimpendelea, naomba mnijibu hili hasa: kama ilitaka tuendelee kumwonea huruma, kwa nini haikutusomea barua ile, tukamlilia?